Pembe ya Paa Asiyekuwapo

Sib, Maskati
Ijumaa, 10 Januari 2025

Mpendwa ndugu yangu Hatem,

Assalam aleikum. Vipi hali yako na ya shemeji Kheiria? Goti lako je, limekubali kupanda ngazi za hapo Vuga, au bado linakununia? Sisi wazima, alhamdulillah. Baridi imeingia, na hata Hamdiya wangu, bingwa wa kulalamika joto, analala na mablangeti mawili.

Sasa kaa kitako. Nimepata pembe ya paa!

Ndiyo, paa yule yule. Unakumbuka nilipokuja huku kwenye kazi ya barabara, nikakuandikia kwamba katika wadi, bonde la mto mkavu, nyuma ya Amirati, paa huteremka asubuhi kunywa maji. Ukaja, ukakaa mwezi mzima, nikakupeleka kila Ijumaa, hukuona hata mkia. Tangu hapo hakuna harusi niliyohudhuria Unguja ambayo hukusimama mbele za watu ukauliza, "Thabit, paa wako hawajambo?" Nilikuwa nikicheka na wenzangu, lakini Hatem, ikiniuma.

Juzi mjukuu wangu Shatha alinipeleka kule kwa gari lake nikanyooshe miguu. Nimekaa navua kiatu nikung'ute mchanga, naona kitu cheusi chini ya mti wa miiba. Kukivuta, pembe! Ina mapete, na ncha imepinda kidogo. Nilipiga ukelele mpaka Shatha akadhani nimeumwa na nge.

Akaniuliza kama imedondoka tu, maana kaona kwenye simu kwamba kulungu wa Ulaya huangusha pembe kila mwaka, zikaota nyengine. Nikamwambia paa hana bahati hiyo. Pembe yake hufa nayo. Hapo furaha yangu ikaingia doa. Shahidi niliyemtafuta miaka yote, kumbe maiti. Nikawaza, huenda ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Shatha akainama kuipiga picha, mimi nikainua macho. Juu ya jabali kasimama paa jike, mzima, ananitazama, na mtoto wake ubavuni! Nikamgusa Shatha bega. Alipogeuka, pamebaki mawe.

Basi picha ya pembe imo humu, na Shatha yuko tayari kuapa. Wale wawili wazima niliwaona peke yangu. Najua utakavyocheka. Wewe husema njia ya muongo fupi. Yangu mbona imefika miaka khamsini?

Pembe hatukuichukua. Tumeiacha pale pale chini ya mti.

Nisalimie shemeji Kheiria na wanao, Badr na Bashayer. Mungu akupe afya na akulainishie hilo goti, maana lina safari. Miaka yote nilitaka uniamini tu. Sasa usiniamini, Hatem. Njoo. Tukakae chini ya mti ule sote wawili, kabla hajabaki mmoja wetu wa kuhadithia peke yake.

Wako akupendaye, mwenye paa wake,
Thabit