Mama Letisia, Uliyewatoa Wajane wa Askari Ukumbini

Leo, tarehe 27 Desemba, mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke asubuhi ile hospitalini, ukiwa na miaka sabini na moja. Tumeambiwa kwamba tangazo la kumbukumbu huandikwa kwa upole. Tumejaribu. Upole umetushinda. Tunakuandikia kama tulivyo, na anayesoma asome.

Baba yetu, Koplo Agustino Akonaay, alirudi kutoka vita vya Kagera na mguu uliovunjika vibaya. Alilima nao miaka kumi na saba, akafa. Krismasi ya kwanza bila yeye hakuna aliyepiga hodi kwetu. Ulipika makande, ukatukataza kwenda kusimama karibu na jiko la jirani kunusa nyama. Mwaka uliofuata ulichukua kapu, ukapita maduka ya Mbulu na Dongobesh ukiomba kwa ajili ya nyumba za askari wa zamani na wajane wao. Kisha ukashuka hadi Katesh. Hukuacha tena mpaka ulipokufa.

Ulikuwa na utaratibu wako. Kila Novemba ulitangulia kuzunguka nyumba zote, unakunywa chai, unauliza nini kimepungua. Ulisema si kila mtu shida yake ni mchele. Mmoja alitaka blanketi, mwingine betri za redio. Mzee Tluway wa Balangdalalu, Sajini mstaafu, kila mwaka aliomba kopo moja la dawa ya viatu, na kila mwaka alilipata. Wote uliwaita kwa vyeo vyao, hata yule anayechunga mbuzi wa watu. "Shikamoo, Sajini," unasema, na mzee wa watu anakaa wima.

Pale Katesh ulimpata Raudha, mwenye duka la nafaka, ambaye baba yake alikwenda vita hivyo hivyo. Yeye na mumewe Hasani ni Waislamu, na hakuna Krismasi waliyoikosa kwenye mzunguko wako. Na hakuna Idi ambayo wewe hukuteremka Katesh na jogoo wawili. Hatukuwahi kusikia mkilizungumzia jambo hilo. Mlilifanya tu.

Halafu ikaja ile kamati.

Hatutaitaja jina. Wanajijua, na gazeti hili wanalisoma. Walikufuata mwaka jana mwezi wa kumi na moja wakasema wataandaa harambee kubwa ya Krismasi, waalike wafadhili kutoka mbali, ili hata nyumba nyingine za Dirma ambazo hujawahi kuzifikia zipate. Ulifurahi, Mama. Tulikuona. Uliwapa orodha yako ya nyumba kumi na tisa, na vitu vyote mlivyokwisha kukusanya na Raudha ukakubali viwekwe kwenye stoo yao.

Siku ya harambee wajane walifika ukumbini mapema, wakaketi viti vya mbele. Walikuwa wamefua, wamepiga pasi, kila mmoja na kitenge chake cha kwendea misa. Katibu wa kamati akaja pale mlangoni. Ni mtu anayeweza kuwa kitinda mimba wako, na hakukuamkia. Marieta, binti yako mkubwa, alikuwa amesimama kando yako na aliyasikia yote.

"Mama, waambie wakabadilishe hizo nguo," alisema. "Wafadhili wakiwaona hivi watadhani hawana shida."

Ulimuuliza mara mbili kama umemsikia vizuri. Akaeleza tena, taratibu, kama anayefundisha mtoto, kwamba wapiga picha wanakuja, na ikiwezekana mmoja au wawili wavue viatu.

"Hawa ni wake wa askari," ulimjibu. "Mnataka kuwasaidia, au mnataka kuwatazama?"

Hukupaza sauti. Uligeuka, ukamshika mkono Bibi Natalia Margwe wa Dirma, aliye mkubwa kuliko wote, mkatoka. Wengine wakafuata, wote, mpaka viti vya mbele vikabaki vitupu. Tunaambiwa harambee iliendelea na hotuba zilikuwa ndefu.

Baada ya siku tatu ujumbe ulikuja kwenye simu. Stoo itafunguliwa Januari, mgeni rasmi atakapopata nafasi. Ukitaka vitu vyako kabla ya Krismasi, andika barua ya kuomba radhi.

Hapa ndipo mimi, Marieta, ninapotaka niandike kwa jina langu. Nilikuambia uiandike. Nilisema, Mama, ni karatasi tu, waombe radhi shida iishe, watu wapate chakula. Ukasema, "Nikiomba radhi leo, mwakani watawaita waje na watoto wao uchi." Nilikasirika, nikaona unafanya ukaidi wa uzee. Mwaka mzima nimekuwa nikiyakumbuka maneno yangu mwenyewe, na hakuna mtu ninayemwonea hasira zaidi ya huyo aliyeyasema.

Siku ya pili yake ulikuwa Katesh. Ulifika kwa Raudha ukataka kueleza, akakuzuia. "Kaa kwanza unywe maji, Mama," alisema. "Nafunga duka, tunaanza upya." Mkaanza upya. Siku tano mlipita duka kwa duka, mashine ya kusaga hadi mashine ya kusaga, kwa watu wale wale waliokuwa wamekwisha kutoa mara moja. Wengine waliwafukuza. Wengi waliwapa tena. Hasani akaendesha pikapu yake Balangdalalu, akapandisha hadi huku kwetu, akarudi kushuka. Kila nyumba ilipata alichohitaji mwenyewe. Dawa ya viatu ilikuwemo.

Mkesha wa Krismasi ilibaki nyumba moja, ya Bibi Natalia. Mvua ilikuwa imeiharibu barabara ya Dirma na pikapu ikakwama. Hasani alikuomba msubiri. Ulijitwika fungu lako ukatembea zaidi ya saa moja kwenye tope, yeye akikufuata na gunia begani. Bibi Natalia anasema ulipofika ulikuwa unahema kama mtu aliyekimbia, ukamwambia ni kilima tu.

Haikuwa kilima. Kwenye misa ya Krismasi ulikaa wakati watu wote wamesimama. Tulikuuliza, ukasema ni uchovu. Ulijua kifua kinakubana na dawa zako za presha zilikwisha wiki mbili nyuma, ukanyamaza ili tusikuzuie. Kwa hilo tumekukasirikia na wewe, Mama. Tunakupenda na tumekukasirikia. Siku mbili baadaye tulikufikisha hospitali ukiwa bado unatusikia, na kabla ya saa nne ukawa hutusikii tena.

Walikuja msibani. Walileta shada lenye utepe wa jina la kamati, wakapigwa nalo picha, na katibu akasimama kusoma rambirambi kwamba wamempoteza mdau muhimu. Mdau! Safari, mwanao, aliinuka. Mjomba Bura alimshika bega akamwambia akae, Mama hajazikwa. Akakaa. Januari hiyo vitu vyako viligawiwa na mgeni rasmi, mbele ya kamera, na jina lako halikutajwa. Wajane watatu walikwenda kupokea. Hatuwalaumu hata kidogo. Njaa haina adabu ya kuchagua mkono.

Mwaka huu katibu alifika nyumbani. Alitaka picha yako aiweke kwenye bango la harambee yao, iitwe Krismasi ya Mama Letisia. Safari alimpa chai, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamsindikiza hadi barabarani, akarudi. Picha yako haikutoka ndani.

Tulizunguka wenyewe na Raudha na Hasani. Tuseme ukweli wote. Tulifika nyumba kumi na moja. Maduka mengi yalitujibu kwamba yamekwisha kutoa kwenye kamati. Nyumba nane tulizikosa. Jioni ya Krismasi simu iliita, alikuwa Sajini Tluway. Tulijiandaa kulaumiwa. Mzee alikuwa anauliza kama tumepata ajali njiani, maana tangu saa tatu asubuhi alikuwa amekaa barabarani na hajatuona, na miaka yote Mama yetu hakuwahi kupitiliza.

Tulimwambia hapana, Sajini, hatukupata ajali. Hatukuwa na jibu jingine. Nanyi mnaosoma hapa, mliotoa mkapigwa picha, nendeni mkamjibu nyinyi. Nyumba yake iko Balangdalalu na yeyote atakuonyesha.

Unakumbukwa na wanao Marieta, Safari na Adamu, mkweo Farida, wajukuu Loveness na Agustino mdogo, kaka yako Bura, Raudha na Hasani wa Katesh, ambao nao ni wanao, na nyumba kumi na tisa za askari wa Mbulu na Hanang. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili, kigangoni Tlawi. Jumatatu tunakwenda kwenye nyumba nane.

Hatutakusahau, Mama, siku zote za maisha yetu. Na hatutanyamaza.