Kilemba cha Waya

Jumanne, 4 Novemba

Radi imepiga hospitali saa tisa mchana. Swichibodi ya simu imekufa. Nimefungua – kadi nne kati ya sita nyeusi tii, na ile harufu ya plastiki iliyoungua ambayo hainitoki puani hata nikioga. Wodi zote hazina simu. Manesi wanapanda na kushuka ngazi kuulizana damu iko wapi. Mara ya tatu mwaka huu. Nimechoka mpaka kwenye nyayo.

Plagi ya mtambo niliikuta ndani ya soketi. Na amri ni moja tu: ukisikia ngurumo, chomoa. Mzee Halo anasema alichomoa mara tu aliposikia ngurumo ya kwanza, akairudisha mvua ilipokatika, ndipo akagundua simu ziko kimya. Ndiye opereta wetu. Haoni tangu utotoni, na kwa miaka ishirini na sita hajawahi kukosea wodi. Anasema alichomoa. Lakini mimi niliikuta ndani.

Jumatano, 5 Novemba

Ripoti. Kwenye fomu, penye „chanzo“, kuna kijimstari kimoja. Nimeandika: Opereta hakuchomoa plagi. Maneno matatu. Nikasaini, nikaenda kunywa chai.

Radi ingeweza kuingilia kwenye laini ya simu kutoka nje, najua. Lakini laini ina kinga ya radi niliyoifunga mwenyewe mwezi wa tatu, na waya wa ethi unaoshuka mpaka ardhini. Kazi safi. Watu walikuja kuitazama! Haiwezi kuwa laini.

Jumamosi, 8 Novemba

Kadi mpya zimefika, nimezifunga. Kutwa nzima nimepiga magoti. Baba watoto kaniuliza mbona nakula kama nalazimishwa. Nikasema uchovu. Ni uchovu kweli.

Jumatatu, 10 Novemba

Mkuu wa hospitali kaniita. Kaisoma ripoti. Anasema anamheshimu sana mzee, ila pale panahitaji mtu mwenye macho. Mzee yuko likizo kuanzia leo, kikao chake Ijumaa saa nne, nami nije kuthibitisha nilichoandika.

Nilipita chumba cha simu, nikamkuta mzee anakusanya vitu vyake – redio ndogo, kikombe, mto wa kiti. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri tu. Kisha akasema mkewe anamwambia labda alisahau, umri huo. Yeye mwenyewe anaukumbuka mkono wake kwenye plagi, lakini pengine ilikuwa siku nyingine.

„Mwanangu, siku hizi hata mimi sijiamini.“

Nikamjibu kwamba utaratibu ni utaratibu. Mimi huyu. Nilisema hivyo.

Jumatano, 12 Novemba

Mawingu tena asubuhi. Nikafungua sanduku la kinga kupima ethi kabla mvua haijaja. Mita inasoma vizuri. Nikachungulia nyuma ya sanduku.

Pale kuna waya wa ethi uliobaki, mita nne. Sikuukata mwezi wa tatu. Shaba haikatwi ovyo, siku moja sanduku litahamishwa – ndivyo tunavyosema mafundi wote. Nikauzungusha mara kumi na mbili, nikaubana na vifungo vya plastiki, ukakaa kama umetoka dukani. Siku ile Mzee Halo ndiye alinishikia bunda la waya. Alipapasa ule mzunguko, akacheka, akasema nimemfungia bwana harusi kilemba.

Sasa vifungo vimeyeyuka. Ganda la waya limepasuka, na kutoka hapo kuna mstari mweusi ukutani mpaka kwenye nyaya za swichibodi.

Radi haitaki kuzungushwa. Inataka njia fupi, iliyonyooka, ishuke ardhini. Ukiiwekea mizunguko kumi na mbili inaruka pembeni, kwa chochote kilicho karibu. Hili nimefundishwa mwaka wa kwanza, na nimewafundisha wengine! Iliingia na laini, ikafika kwenye kilemba changu, ikaruka. Plagi haikuhusika. Hata angechomoa plagi za mji mzima.

Nilikaa sakafuni. Naona aibu, sina neno jingine.

Nikiuacha, mvua ya leo inaunguza kadi mpya. Nikiukata, hakuna atakayejua kamwe. Nimeukata. Nimefunga kipande kifupi kilichonyooka na kupangusa ukuta – ukuta niliupangusa kwa nini? Kilemba kiko mkobani, chini ya sweta. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua kubwa. Radi mbili karibu sana, madirisha yakatetemeka. Simu zote nzima.

Mkuu alinisimamisha koridoni, kanipa mkono. Akasema nimeona mwenyewe, tangu mzee atoke mambo yametulia. Nikasema ndiyo. Sijui ndiyo ya nini.

Ijumaa, 14 Novemba

Saa nne kasorobo. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu. Mzee Halo yuko pembeni yangu, shati limepigwa pasi, fimbo katikati ya magoti. Ananiambia amekubali kuomba msamaha. Mkewe kamshauri, huenda wakamwachia hata kazi ya getini. Anarudiarudia sentensi zake kwa sauti ya chini: nilisahau, mkuu, ni umri.

Nikashindwa kusikiliza. Nikafungua mkoba, nikamwekea kile kitu mikononi.

Alikipapasa polepole. Akahesabu mizunguko. Kidole kikafika penye ganda lililopasuka, kikasimama hapo. Akanusa.

„Hiki ni kilemba chako,“ akasema.

Nikasema ndiyo, mzee. Nikamweleza. Nilitegemea atanifokea. Sura ilimlegea tu, kama mtu aliyetua mzigo.

„Kwa hiyo nilichomoa.“

„Ulichomoa, mzee.“

„Nilichomoa.“ Akaugeuza waya mikononi. „Wiki nzima nimekuwa nikimwambia mke wangu akili yangu imekwisha.“

Nimetoa daftari hili ili macho yangu yawe na pa kukaa.

Karani amefungua mlango. Anaita opereta aanze. Mzee hajasimama. Amenirudishia waya mapajani, amenikunjia vidole juu yake, anamwambia karani kwamba fundi ndiye atangulie.

Karani ananitazama. Ameushikilia mlango. Naandika mstari huu nimeshasimama, waya mkononi.