Kizuka wa Makorora

Makorora, Tanga
Mwezi wa Maulidi, Novemba 1954

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni kwa ajili ya barua yako ya mwezi uliopita, ambayo sikuijibu, ukadhani mwanao kaota kiburi cha mjini. Wala si kiburi. Goti linaendeleaje? Nasikia vuli imewawahi huko Mkwaja na kwamba nguruwe wameingia tena kwenye mihogo. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, chakula kinashuka, ila usingizi ndio wa kuokoteza. Dada Saleha, wewe ndiye utakayemsomea mama, na tabia yako naijua: soma mpaka mwisho, usiruke neno kwa kumwonea huruma. Mama si mtoto.

Uliniuliza mambo mawili. Kwanza, mbona eda ya Hatibu imekwisha na sijaonekana Mkwaja kuja kukushukuru kwa msiba. Pili, Mselem mwenye duka la chumvi anataka kuniposa, umpe jibu gani. Yote nitayajibu, lakini sina budi nianzie kwenye hoteli yangu, maana bila hiyo hakuna litakaloeleweka.

Unakumbuka Hatibu alivyoniaga kwenda Mombasa kutafuta, akasema akishatulia ataniita. Akatulia huko, wala hakuita. Si barua, si salamu, si kanga ya Idi. Ndipo nikaanza na karai moja la mandazi kibarazani. Ukanituma maneno kwamba mke wa mtu hawauzii wanaume chai, nami nikakujibu kwamba tumbo haliulizi mume kaenda wapi. Ukanuna. Lakini uliponitembelea ukaonja mbaazi zangu, uliomba sahani ya pili, usikatae!

Kutoka karai nikapata kichumba cha kupanga kwenye njia wapitayo makuli wa bandarini alfajiri. Siri yangu ilikuwa moja tu, tui la kwanza silitii mpaka mbaazi zimeiva kabisa, na silichemshi likakatika. Makuli wakanogewa. Walikuwa wakigombea benchi mpaka wengine wanakula wamesimama. Nilipomwita mpaka rangi aniandikie kibao, akauliza aandike hoteli ya nani, jina la mume. Nikamwambia aandike Hoteli ya Semeni. Akaniuliza mara ya pili kama nina hakika. Nikamwambia, baba wee, mandazi hukaanga Hatibu? Akaandika. Siku ile nilipita mbele ya kibao kile sijui mara ngapi, najifanya nimesahau kitu ng'ambo ya barabara.

Basi hapo ndipo shemeji yangu Idarusi, mdogo wake Hatibu, alipokuja kofia mkononi na macho mekundu. Akasema limekuja neno kutoka Mombasa kwamba robota la katani limemwangukia kaka yake gatini, kazikwa siku ile ile. Nyumba ikajaa vilio. Ulikuja, mama, ulilia mpaka sauti ikakauka, na uliporudi Mkwaja ukachinja mbuzi kwa hitima yake. Mbuzi yule bado ananiuma. Mimi nikavishwa kaniki, nikakaa kizuka, na wewe wajua kizuka hatoki, hajipaki mafuta, hachungulii hata dirishani.

Idarusi akasema hoteli isifungwe, makuli wakizoea kwingine hawarudi, na Chiku peke yake hawezi kuwasimamia wanaume. Chiku jirani yangu nilikuwa nimeshamfundisha kupika. Idarusi akaomba ufunguo asimamie mpaka nitoke. Nikampa kwa mkono wangu huu.

Miezi ikaenda. Chiku alikuwa akija jioni kuniletea habari: leo mandazi yameungua, leo Idarusi kaamuru tui liongezwe maji. Nikawa nauma meno humo ndani. Siku moja akaja mchana, hana hata shela, kakaa chini bila kubisha hodi. Akaniambia nisimwone mwendawazimu, lakini hotelini kuna mtu. Kanenepa, katia jino la dhahabu, kala mbaazi akalalamika kwamba si nzito kama zilivyosifiwa, kisha akamaliza chai na kukifudikiza kikombe juu ya kisahani. Mama, kikombe kile! Nani mwingine aliyekuwa akinifudikizia vikombe mpaka mkeka ukaota madoa? Chiku akalia, akasema ni Hatibu, si mzuka, kwa sababu mzuka haombi kuongezewa.

Niliinuka, na kaniki yangu, nywele timutimu, nikatoka mchana kweupe. Watoto wakakimbia. Wanawake wakatoka vibarazani wakipiga kelele kwamba kizuka katoka, kizuka kavunja eda, mkamateni atatuletea nuksi! Mwanamke mmoja akanirushia maji. Sikusimama. Nikaingia hotelini kwangu, makuli wakanipisha wote, naye marehemu kakaa kwenye benchi langu, kanielekea. Unajua alisema nini? Alinikaribisha chai.

Tukaitana kwa sheikhe wa mtaa, na wazee wawili. Idarusi akaapa kwamba habari ya kifo aliletewa na msafiri, jina lake kalisahau. Hatibu akasema hata yeye alishangaa kusikia kafa, na watu wakacheka, wallahi walicheka, ikawa ni kichekesho cha mtaa. Rambirambi walikuwa wameshaila wote wawili. Nikasema nataka talaka yangu. Hatibu akasema yeye hana ugomvi na mkewe, kamrudia kwa mapenzi, ila haifai mke wake kusimama mbele ya makuli. Nikae ndani nipike, hotelini atasimama yeye.

Sheikhe, Mungu amlipe, alimwambia wazi kwamba mali ya mke ni ya mke, mume hana chake humo. Akaniambia naweza kushitaki kwamba sikuachiwa masurufu miaka yote, nilete mashahidi, nisubiri hukumu. Nikauliza nisubiri wapi. Akainamisha kichwa, akasema mke husubiri nyumbani kwa mumewe. Mama, na wewe ni mwanamke, sina haja ya kukueleza kusubiri huko maana yake nini. Usiku ule ule Hatibu alikuwa ameshatundika kanzu yake kwenye msumari wa kitandani kwangu. Nikalala kwa Chiku.

Kesho yake nikaomba khului, nijikomboe. Sheikhe akamuuliza anataka nini, arudishiwe mahari? Hatibu akacheka, kwani mahari yake unayakumbuka, aibu tupu. Akasema anataka hoteli na vyombo vyake vyote. Sheikhe akasema kuchukua zaidi ya mahari ni makuruhu, ila wawili wakiridhiana haimo katika haramu. Wote wakanigeukia mimi. Nikasema nimeridhika. Mama, hoteli nimeitoa, nikapata talaka yangu. Sufuria, mabenchi, karai lile la kwanza, yote. Kibao hakukifuta, hana wazimu. Makuli wanaofika wapya wanaingia kwa jina langu, wanamlipa yeye.

Sasa nikwambie neno ambalo hata Chiku sijamwambia, na dada Saleha usilimung'unye. Najua utauliza: mwanangu, mtu kafia Mombasa, mbona hukuuliza kaburi? Mbona hukutuma mtu? Sikuuliza kwa sababu nilifurahi. Mlipokuwa mkilia ukumbini, mimi nimejifunika kanga gubigubi, na ndani ya kanga hamkuwa na chozi. Nilikuwa nawaza wapi nitaweka benchi la pili. Nilijisemea kwamba sasa hakuna tena wa kurudi siku moja akaniuliza kwa nini. Kisha nikaogopa, nikaona Mungu kaniona. Ndiyo maana eda ile niliikaa kwa unyenyekevu kuliko mjane mwenye mapenzi, na Idarusi alipotaka ufunguo nikautoa kama sadaka ya kufutia dhambi. Mtu aliyefurahia msiba hana mdomo wa kuudadisi. Wewe ulimlilia kweli, mbuzi wako ulimchinja kweli, na mimi niliyefurahi ndiye niliyetulia kimya ndani wakati wao wanakula. La kuvunda halina ubani, mama. Nikasirikie ukitaka, lakini usinililie.

Nilichobaki nacho ni mkono wangu. Chiku kakataa kuwapikia, yupo nami hapa, hatuna hata kikaango. Kile chuma chako cha vitumbua chenye mguu uliovunjika, kama hukitumii, mpe mtu yeyote ajaye Tanga aniletee. Siahidi kitu. Nakiomba tu.

Nisalimie watu wa nyumbani, wakubwa shikamoo, wadogo wote nawapenda. Na wale wa mbuzi wa hitima, niombee radhi kwa kila aliyeila nyama ile akamwombea pepo mtu mzima wa afya.

Na Mselem mshukuru kwa heshima, mwambie siwezi kuposwa, nimo edani. Atashangaa, atakuambia eda ya Hatibu ilikwisha. Mwambie hii ni nyingine. Akiuliza safari hii nimefiwa na nani, mwambie nimefiwa na hoteli.

Wako mwanao,
Semeni binti Jumbe