Magunia Mia na Kumi

Jumatatu, 2 Agosti 1993
Nimepaka grisi, nimekaza nati, nimeongeza maji. Breki za tela bado hazishiki. Nimemwambia tajiri tena, mwezi wa pili huu. Kasema tela halina injini, breki za nini. Mjinga na pesa zake. Tangu biashara ya mahindi iachiwe watu binafsi, kila aliyenunua lori anajiona mtaalamu.

Jumanne, 3 Agosti
Bereko, tunapakia. Tajiri kazi yake kuhesabu magunia. Kwake gunia ni kilo mia, basi. Sabini juu ya lori, arobaini kwenye tela: tani kumi na moja, sawasawa na uzito ulioandikwa kwenye kibati cha mlangoni. Lakini haya ni lumbesa, yamejazwa kupita mdomo na kushonewa kilemba. Nimepeleka moja kwenye mizani ya mashine ya kusaga. Kilo mia na thelathini! Tani tatu na ushee zimezidi, naye hazioni.

Nimekataa kuendesha. Kupanda si neno, injini ina nguvu. Tatizo ni kushuka mteremko wa Kolo. Tela lisilo na breki linalisukuma lori, na breki za lori peke yake hazizuii mzigo wa yote mawili. Kanifukuza mbele ya wapakiaji. Kaniita mwoga. Namchukia.

Jumatano, 4 Agosti
Nimerudi Kondoa. Ufunguo kapewa Rashidi, mdogo wake mke wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika usukani. Kazi yangu kaipokea bila hata kuniuliza. Asubuhi alipita nyumbani akienda kupanda basi la Bereko. Shikamoo shemeji, na meno nje.

Breki alikwishasikia habari zake. Anasema atashuka kwa gia ndogo. Kwa tani kumi na moja, labda. Habari ya mizani hakuijua. Ningeweza kumwambia kwa neno moja. Nikanyamaza. Nilitaka akione cha moto. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli.

Alhamisi, 5 Agosti
Lori limeanguka Kolo. Nimefika saa nane mchana. Limelala ubavu, tela limepanda juu ya kichwa chake. Mahindi barabara nzima, watu wanazoa kwa ndoo. Rashidi walikwishamtoa.

Tajiri anamwambia kila anayesimama: dereva mzembe. Nilikunja ngumi. Kisha sikujua nianze kumpiga nani.

Ijumaa, 6 Agosti
Wamemkata mguu wa kulia. Mke wangu analia, ananishukuru kwamba mimi nilikataa. Anyamaze.

Jumapili, 8 Agosti
Hospitali. Homa imeshuka. Rashidi kanishika mkono.

“Nilihesabu mwenyewe, shemeji. Mia na kumi. Halikuzidi hata moja.”

Nikamwambia ndiyo, halikuzidi. Nikammenyea chungwa. Kala nusu, kalala.