Skrini Aliyoichukua Shangazi Skola

Baba,

Shikamoo. Najua safari hii marahaba yako sitaisikia, lakini wewe mwenyewe ndiye uliyenizoesha, siwezi kuanza kusema na mkubwa bila kumwamkia.

Huku Bombambili hatujambo. Baridi imewahi mwaka huu, printa asubuhi haiamki mpaka niilishe karatasi mbili tatu za bure. Mama anakula vizuri na ameanza tena kugombana na jirani kuhusu kuku, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Mimi nimenenepa. Watu wanasema msiba umenikubali. Nawajibu kwamba ni maandazi ya Mama Oresta, mwenyekiti wa kwaya yenu, ambaye tangu uondoke ananiletea kila asubuhi, anakaa mpaka nimalize kula, halafu anauliza kitabu kimefikia wapi.

Kitabu hicho ndicho kinachonifanya nikuandikie. Kile cha nyimbo za jubilei ya kwaya, ulichokuwa unakipanga kwenye programu yako ya kizamani uliyokataa kata kata kuibadilisha. Wiki ile ya mwisho uliniambia, "Bado kidogo." Halafu ukalazwa, na dukani hukurudi tena. Nakusimulia yaliyofuata, maana yanakuhusu na mengine umeyasababisha wewe.

Tulikuzika Mpitimbi. Tulipoanua matanga, ukoo ulikaa hapa nyumbani kugawana vitu vyako. Koti lako jeusi alipewa Baba Mdogo Bruno, linambana tumboni lakini halivui. Ikafika zamu ya dada yako, Shangazi Skola. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akaingia kwenye fremu ya mbele lilipo duka letu, na kunyoosha kidole mezani.

"Mimi nipeni ile televisheni ndogo ya kaka yangu. Hiyo nyingine bakini nayo, sina tamaa."

Unamjua dada yako. Kaka Deo alikohoa, Baba Mdogo akatazama dari. Mimi ndiye niliyepaswa kusema kwamba ile si televisheni, ni skrini ya pili ya kompyuta. Lakini nimkatalie vipi shangazi yangu kwenye matanga ya kaka yake? Na nikuambie ukweli, nilidhani skrini ya pili ni mbwembwe zako tu. Nikaifuta vumbi, nikaichomoa waya, nikaifunga kwenye shuka. Waya wenyewe na kile kiunganishi chake nikaviacha vimechomekwa nyuma ya kompyuta. Kosa langu la kwanza ni hilo.

Siku hiyohiyo Kaka Deo naye akatoa lake. Akasema steshenari bila wewe haina mwenyewe, bora fremu aiweke mbolea na mbegu. Hakusema kwa ubaya, Baba. Anaona watu wa mbolea wanavyokwenda na mimi anavyoniona ni yuleyule mdogo wake anayeogopa radi. Tukabishana mpaka Baba Mdogo akachoka. Akakata shauri: Fausta amalize kitabu cha kwaya. Kikitoka kabla ya jubilei, duka ni lake. Kisipotoka, fremu aichukue Deo, tusichoshane. Wote wakaitikia. Mimi niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, maana nilijua kitabu kimebaki kidogo. Kiburi hicho nimekirithi, usinicheke.

Jumatatu nikafungua programu. Kwenye ule mstari wa chini alama yake ikatokea, ikawaka kuonyesha kwamba imefunguka. Juu ya skrini, hakuna kitu. Ni ile picha ya Mama yuko shambani tu, ananitazama. Nikabonyeza alama, ikafifia. Nikabonyeza tena, ikawaka. Patupu. Nikazima kompyuta, nikawasha, mambo yakawa yaleyale. Programu nyingine zote zinafunguka bila tabu, hiyo moja tu ndiyo inajificha. Nikatamka maneno ambayo mwenyekiti wa kwaya hakupaswa kuyasikia, na alikuwa amekaa hapohapo na maandazi yake.

Nikajaribu kuweka kishale juu ya alama bila kubonyeza. Kikatokea kipicha kidogo, hata lebo ya kiberiti inakizidi, na ndani yake nikaona ukurasa wa kitabu na mistari ya wimbo. Kumbe kipo. Kiko wazi kabisa, ila hakitaki kuja mbele ya macho yangu.

Kaka Deo akaniletea fundi kutoka mjini, mtu mzima mwenye begi la bisibisi. Hakumaliza hata dakika tano. "Dada, hii dawa yake moja, tunapiga windo upya." Unawajua mafundi wetu. Kompyuta ikikohoa wanapiga windo, ikichelewa kuwaka wanapiga windo, yaani wanafuta kila kitu wanaanza moja. Nikamuuliza kitabu kitakuwaje. Akaniuliza kama nina kopi kwenye flashi.

Flashi yako tulikuzika nayo, Baba. Ilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya suti na hakuna aliyepekua.

Nikamshukuru fundi, nikamtoa na begi lake. Kaka Deo akanuna, akasema nakumbatia mashine iliyokufa. Walipoondoka nikakaa kwenye kiti chako na kukukasirikia. Nasema kweli, nilikugombeza kwa sauti. Miaka sita nimekaa na wewe humu. Umenifundisha kupanga kadi za harusi, kufungua printa tumbo na kuirudishia utumbo wake, kumjibu kwa adabu mteja anayetaka kopi kumi sasa hivi. Hili hukunifundisha, halafu ukajiendea zako. Nililia kwa hasira. Nikawaza nitamwambia nini Mama Oresta, na nitakaa wapi mchana kutwa hapa pakishajaa magunia.

Halafu nikakusikia. "Fausta, usiigombeze mashine. Iulize." Ndivyo ulivyoniambia siku ile nilipoipiga printa kofi.

Haya, nikaiuliza. Nikashika mausi, nikasukuma kishale kwenda kulia. Kikafika ukingoni kikasimama. Nikasukuma kushoto. Kikapita ukingo, kikapotea. Nikavuta, kikarudi. Nikasukuma, kikaenda tena, kinatoka na kuingia kama mtu aliye kwake. Nikatazama upande wa kushoto wa meza. Pale kwenye vumbi palikuwa na alama ya mguu wa skrini, mahali ilipokaa televisheni ya Shangazi.

Nikainama nyuma ya kompyuta nikaona waya unaning'inia, na kiunganishi chake bado kinawaka kitaa cha bluu. Kompyuta haikuwa na habari kwamba skrini imeondoka. Wewe kitabu ulikuwa unakiweka kushoto siku zote, na programu yako inakumbuka mahali ilipoachwa mara ya mwisho. Kwa hiyo kila nilipoifungua ilikwenda hukohuko kushoto, ikatandaza kurasa zako hewani juu ya meza tupu. Nilikaa chini sakafuni. Nilicheka, Baba, nikakukumbuka sana.

Nikachomoa kiunganishi. Kompyuta ikaelewa, kishale kikaacha kutoroka. Programu haikuelewa. Niliizima na kuiwasha, bado ikafungukia kushoto, king'ang'anizi kama mwenye nayo. Nikaona njia ni moja tu, ile skrini irudi mahali pake.

Nikampigia Shangazi. Akaniambia kwetu kitu cha matanga hakirudishwi, kwa sababu ukirudisha alichokuachia marehemu ni kama unamwambia hukukitaka. Nikajua hapo hapana mlango. Lakini akaongeza kwamba televisheni yenyewe haishiki stesheni hata moja, huenda bado ina majonzi, na kama mimi najua kuibembeleza nije.

Skrini isipokuja dukani, duka litaifuata. Kesho yake Kaka Deo alikuwa anapeleka mbolea Mpitimbi kwa pikapu. Aliponiona nabeba kompyuta, skrini, kibodi na nyaya zote, alifikiri nimesalimu amri na ninakwenda kuviweka kwa Shangazi. Alifurahi, akanisaidia hata kupakia. Sikumsahihisha. Nikakaa mbele na mashine mapajani kama mtoto anayepelekwa kliniki, na njia nzima alinieleza kwa upole jinsi biashara ya mbolea ilivyo nzuri.

Ungeona nyumba ya dada yako usingeweza kujizuia. Skrini imewekwa juu ya meza nzuri ya sebuleni, imetandikiwa kitambaa cha kufuma, picha yako imeegemezwa pembeni, na viti vimepangwa kuielekea. Majirani walishakaribishwa mara mbili kuja kuangalia taarifa ya habari, wakaishia kunywa togwa na kusifu kitambaa.

Nikaweka skrini yangu kulia, ya kwake kushoto, kama ulivyozipanga wewe. Nikachomeka nyaya. Nikafungua programu. Kitabu kikatokea kwenye televisheni ya Shangazi, kikajaa skrini nzima.

"Enhe," akasema Shangazi, akavuta kiti. "Kumbe ilikuwa inasubiri mtu wa nyumbani."

Kaka Deo alisimama mlangoni na vumbi la mbolea mikononi. Nikaanza kuteremka ukurasa kwa ukurasa. Nyimbo zote zipo, maneno yamenyooka, hakuna palipobaki. Ulikuwa umemaliza, Baba. Nikafika mwisho kabisa, kwenye jalada la nyuma, nikaona hicho kidogo ulichosema bado. Uliandika: "Kimepangwa na kuchapwa Bombambili, Songea, na". Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Miaka yote jina lako ulikuwa unaliweka pale kabla hata kazi haijaanza, ulikuwa unasema mtu asiyeweka jina anajiandalia pa kukimbilia. Safari hii ulifika hapo ukaacha. Sijui kwa nini na nimekubali kwamba sitajua. Labda Mama alikuita chakula kinapoa. Labda ndipo maumivu yalipokushika. Labda ulitaka kuniuliza jambo na mimi nilikuwa nimetoka kununua vocha.

Shangazi akanitaka nimsomee mstari ule mara mbili. Kisha akasema, "Ameacha nafasi. Jaza."

Nikamuuliza nijaze jina la nani. Akanitazama kama anavyotazama mbuzi aliyeingia jikoni. "Nani amekaa hapo kwenye kibodi?"

Nikamwangalia Kaka Deo. Alitazama picha yako, akatazama jalada, akasema taratibu kwamba kitabu ni kizuri, halafu akatoka kwenda kushusha mbolea. Nikaandika jina langu. Nikahifadhi. Nikakishika kitabu kwa mausi, nikakivuta polepole kutoka skrini ya Shangazi mpaka kwenye yangu, nikaifunga programu hapo upande wa kulia ili ikumbuke mahali papya. Nikaifungua tena. Ikafungukia kulia, mbele yangu. Shangazi akalalamika kwamba nimemchukulia kipindi chake.

Kitabu kilitoka siku mbili kabla ya jubilei. Kwaya iliimba nacho, Mama Oresta alikiinua juu kama yeye ndiye aliyekichapa. Kwenye kikao cha ukoo Baba Mdogo alipouliza kama kuna mwenye neno kuhusu duka, Shangazi Skola alisimama. "Duka ni la Fausta. Kaka yangu amemwachia, nimeona mwenyewe kwenye televisheni." Kaka Deo alicheka mpaka akafuta machozi, akasema yeye habishani na taarifa ya habari. Amepanga fremu ng'ambo ya barabara, na matangazo yake nayachapa mimi.

Sasa nikuchekeshe. Juzi alikuja mwalimu mmoja kuchapisha mitihani, nikamsimulia safari yangu yote. Akaniuliza kwa nini sikushika kitufe cha Alt, nikabonyeza kile kirefu cha nafasi, halafu M, halafu mshale mmoja, nikasogeza mausi. Programu iliyopotelea pembeni inakuja yenyewe. Ikigoma kwa sababu imejazwa skrini nzima, unabonyeza R kwanza mahali pa M, ndipo unaanza tena. Basi. Bila pikapu, bila mbolea, bila kuinuka kitini. Nimeshayajaribu na ni kweli, na wiki hii nimemwokoa mteja aliyekuwa njiani kwenda kupigiwa windo. Lakini sijutii. Vitufe visingenikalisha pale kwa dada yako.

Nakukumbuka sana, Baba. Dukani nazungumza na wewe zaidi kuliko ninavyozungumza na wateja, na Mama anajifanya hasikii. Leo hasira imenitoka, nakuandikia nikiwa na furaha, na nilitaka uipate ikiwa bado ya moto.

Pumzika kwa amani. Kama kwenye ile nafasi ulikusudia kuandika jina lako, nisamehe, nakala zote zimeshatoka na watu wameshazichafua kwa mafuta ya maandazi. Jana Mama Oresta alikuja bila maandazi. Alikuwa amegundua ubeti mmoja umerudiwa mara mbili kwenye wimbo wa matoleo, kosa lako la wazi kabisa, na kwaya nzima iliimba hivyohivyo mbele ya watu. Nilifungua mdomo nimwambie ni wewe. Kisha nikageuza kitabu, nikasoma jalada la nyuma, nikamwambia, "Ni kosa langu, mama, nitalirekebisha." Na nakuahidi hivyo, Baba: kila litakaloharibika humu kuanzia sasa, nitasema ni langu.

Mwanao,
Fausta