Mate Mekundu ya Mama

Kokopo, Jumapili

Kaka Elison,

Viazi vimekomaa, paa limezibwa. Salamu zinaishia hapo.

Tangu tumzike Baba, Mama ameacha kutafuna popoo, kama mjane anavyotakiwa. Wiki ya tatu bado alikuwa anatema mate mekundu. Nikamuuliza, "Mama, umevunja mwiko?"

"Sijagusa popoo wala chokaa, mwanangu."

Ilikuwa damu. Miaka yote tulidhani ni rangi ya popoo.

Sisi tulidhani. Wewe ni daktari wa meno huko Moresby. Krismasi alikwambia fizi zimevimba na meno yanacheza, na hukumwangalia hata kinywani. Ulicheka tu, "Popoo hizo, bi mkubwa," ukamwachia kichala kingine.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemkwangua ukoga uliojaa mpaka ndani ya fizi. Sasa anapiga mswaki asubuhi na jioni, na popoo harudii hata msiba ukiisha. Kaniomba nisikwambie, eti utaona aibu.

Uione basi. Nimekufungia jino lake humu. Lichunguze, mtaalamu: ni zima, halina hata tundu. Limedondoka kwa sababu kilichopaswa kulishika kiliachia.

Dada yako,
Relvie