Namba Iliyopinduliwa

Mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo katikati ya mbao na vumbi lake. Natumaini kikohozi kimekuachia, shemeji hajambo, na vidole vyako bado ni kumi, maana kwa seremala hilo si la kudhania, ni la kuuliza. Mimi ni mzima kasoro nyonga. Daktari kanikataza ngazi, basi binti yangu kaniweka sebuleni mbele ya televisheni, naye anasema kati yangu na hiyo televisheni hajui nani ana kelele zaidi. Ningekupigia simu, lakini simu huwa unanikatia. Barua anakuletea mkwe wangu mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka umalize kuisoma.

Kwa kukosa kazi nimekuwa mtaalamu wa mbio za baiskeli. Usikunje uso. Najua baiskeli haitajwi kwako tangu mwanao Kijiti alipoiacha randa mezani akaenda kukanyaga pedali kwa mshahara. Lakini kusoma hakuchubui.

Nianze na hesabu, mimi niliyetoroka shule siku tarakimu zilipoanza kuchanganywa na herufi. Katika yale mashindano ya wiki tatu, mtu anaweza kuwa bingwa bila kushinda hata siku moja. Leo wa nne, kesho wa sita, keshokutwa wa tatu, mwishowe kombe lake. Na baada ya milima na mvua yote hiyo, wa kwanza anaweza kumzidi wa pili kwa zile sekunde ambazo wewe huzitumia kutafuta penseli iliyo sikioni mwako. Wa mwisho kabisa hupigiwa makofi na kujulikana kwa jina, ila anayemtangulia huyo wa mwisho hajulikani hata na jirani yake. Ningekuwa mimi, ningegombania mkia.

Wana adabu zao pia. Wakibanwa na mkojo, wakubwa wao wakisimama, wengi husimama, na ni aibu kumkimbia mwenzako akiwa ameelekea kichakani. Wewe na mimi tunazijua koo zisizo na ustaarabu huo. Anayepewa namba kumi na tatu huibandika kichwa chini, eti mkosi umwagike. Wanaume wazima, miguu wamenyoa kama mayai, wanaogopa namba. Juzi mmoja kauona mstari wa mwisho, kaachia usukani, kanyosha mikono kushangilia, mwenzake kampita chini ya kwapa. Nilicheka mpaka nyonga ikanikanya. Kutangulia si kufika, wewe mwenyewe hupenda kusema.

Ila jambo lililonifanya nipunguze sauti ya televisheni ni hili. Kwa nilivyowafuatilia msimu huu, wengi wao hawashindi kitu, na watastaafu hivyo hivyo. Si wavivu. Wamewekwa wamkinge upepo mmoja wao, na wa nyuma kweli hupata nafuu kubwa. Kijiti kazi yake ni maji. Hurudi nyuma kwenye gari la timu, hujaza chupa ndani ya fulana mpaka anakuwa na mimba mbele na mgongoni, kisha huwakimbilia wenzake kuwagawia. Wakishakunywa, wanamwacha. Watangazaji humtaja akianguka tu.

Haya shemeji anayajua kunishinda. Hukujiuliza kwa nini kila siku ya mbio huenda kwa jirani mwenye televisheni kusukwa, akarudi na nywele zile zile? Usimgombeze. Ndiye aliyeniambia kwamba ile randa ya Kijiti sasa imetundikwa ukutani, na kwamba kila mwezi kuna mtu huipaka mafuta. Yeye anasema si yeye.

Kijiti kanipigia wiki iliyopita. Magoti yamekwisha, msimu huu ndio wa mwisho. Kaniuliza, Baba mkubwa, nikirudi nitafikia wapi. Nikamwambia nyumbani kwenu. Akasema baba aliapa nisisimame mlangoni kwake mpaka siku nitakapowatangulia wenzangu wote, na miaka saba sijawatangulia hata mara moja. Na kiapo hicho nilikisikia kwa masikio yangu. Mtoto akinyea kiganja hakikatwi, na huyu wala hakukunyea, alipanda baiskeli tu.

Sasa Jumamosi mbio zinapita mtaani kwako. Unajua, maana lile tangazo la kuwaambia muondoe mbao barabarani mkwe wangu alikukuta unafutia gundi. Usilolijua ni desturi yao nyingine. Mbio zikipita nyumbani kwa mwenzao, humruhusu atangulie. Hutoka peke yake, hufika, hushuka, huwasalimu watu wake mpaka kundi limpite, kisha hulifukuza. Kijiti kaomba, na timu zote zimekubali. Watu mia na kitu watapunguza mwendo nyuma yake. Atakuwa wa kwanza mpaka mlangoni kwako. Kiapo chako hakikusema mpaka wapi.

Lakini hakuomba kwa akili yake. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba umesema asimame mlangoni kwako. Nilimwambia baba yako anakusubiri. Hukusema, nimesema mimi, na sijutii sana. Akauliza tu kama mlango wa karakana bado uko kushoto, apate kujua wapi pa kuanza kufunga breki.

Basi ukitaka kuniumbua, wewe ufunge mlango tu. Atasimama nje, kamera zikimtazama, mpaka wenzake wampite. Ukitaka vinginevyo, fungua, na ushike chupa ya maji. Miaka saba anawapelekea watu, sijamwona wa kumpelekea yeye. Usihofu kutomtambua, kwani safari hii kapewa kumi na tatu. Mtazame mwenye namba iliyopinduliwa.

Sina zaidi, mkono umechoka na mkwe ananitolea macho. Afya ikukalie. Nisalimie shemeji, mwambie Jumamosi asukwe nyumbani.

Ni mimi kaka yako,
mwenye nyonga moja na nusu.